Maneno Thelathini Aliyosomeshwa Razan

Razan alipobisha hodi akiomba asomeshwe Kiingereza, Ibtihal alimpokea kwa bashasha mpaka mama yake, Bi Rahima, akaingiwa na wasiwasi. Razan huyu ndiye aliyepeleka maneno kwa kina Fuad, waliokuwa wamemposa Ibtihal, kwamba binti huyo, aliyekuwa akifanya kazi ya mapokezi hotelini Shela, ameonekana akipanda ngazi na mgeni wa kiume. Kumbe alikuwa akimwonyesha mgeni chumba chake tu. Haikupita wiki mbili posa ikavunjwa, na nguo zilizokwisha kushonwa zikagawiwa mabinamu.

"Yamepita, shoga," Ibtihal alimwambia, akimtandikia mkeka. "Kaa."

Hayakuwa yamepita hata kidogo. Shirika moja lilitangaza kumsomesha ng'ambo msichana mmoja wa Lamu, mmoja tu, shahada ya pili. Atakayewapita wenzake katika mtihani wa kuingilia ndiye atakayekwenda. Mtihani huo ulijaa maneno ya Kiingereza ambayo hata Wazungu wa Shela Ibtihal hakuwahi kuwasikia wakiyatamka. Wote wawili walikuwa wameomba, na kitabu cha maneno hayo alikuwa nacho Ibtihal.

Akachagua thelathini akayageuza maana. *Laconic*, mtu wa maneno machache, akamfanya mropokaji. *Garrulous*, mropokaji, akawa mkimya. *Placate*, yaani kutuliza, likawa kuchokoza. Akayachanganya na mia mbili yaliyo sahihi, akamwandikia Razan kwa mwandiko mzuri.

Wakayasoma kama walivyozoea kwenye chuo cha Kurani tangu udogoni: miguu wameikunja, miili inayumba, mmoja anatangulia na mwenzake anaitikia, neno na maana yake, mpaka ulimi uende wenyewe. Mwalimu alikuwa Ibtihal. Kila alasiri kwa miezi mitatu alitangulia yeye. Walipofika kwenye yale thelathini, Razan aliitikia kwa sauti ndogo.

"Pandisha sauti, shoga. Haya yana uzito," Ibtihal alimwambia, naye akayarudia kwa nguvu zaidi, mara kumi, mara ishirini. Kila alipomwona Razan akitikisa kichwa kukubali, alikumbuka zile nguo za harusi, na kifua chake kikapoa.

Siku moja Bi Rahima alimngoja mgeni aondoke.

"Mwanangu, neno lile la *placate*. Asubuhi ukisoma peke yako husemi hivyo."

"Mama, wewe uliishia darasa la saba. Haya huyajui."

"Kizungu sikijui. Masikio ninayo. Bi Alawiya, mwalimu wetu, alikuwa akitukatiza chuoni kabla kosa halijatoka mdomoni mara ya pili, akisema likishaingia halitoki." Alisita. "Ndia hii unayopita siipendi."

Ibtihal akacheka, akaenda kutawadha. Mama naye akanyamaza, kwa kuogopa kuonekana mjinga mbele ya mtoto msomi. Akina mama wenzangu, hapo ndipo hakupaswa kunyamaza.

Mtihani ulifanyiwa Mombasa, kwenye kompyuta. Swali la tatu likaja na *placate*, na kabla Ibtihal hajafikiri, ulimi ukajigeuza ndani ya mdomo uliofungwa: kuchokoza. Akajua si kweli. Akalitafuta la kweli, likaja na wimbo ule ule, sauti yake mwenyewe ikitangulia. Kuchokoza. Likafuata *garrulous*. Sasa akaanza kuyashuku hata yale ambayo hakuyagusa. Hili niligeuza, au ndivyo lilivyo? Saa ya pembeni mwa skrini ilikuwa ikila dakika. Alama zilipotokea, hakuhitaji kuambiwa kwamba ameanguka.

Nje, Razan alikuwa akimngoja kivulini.

"Vipi, mwalimu?"

Ibtihal akatazama barabarani, kama anayetafuta basi.

"Mimi nimepata kuliko nilivyotarajia," Razan akasema polepole. "Taufiq, kaka yangu, ana kamusi kwenye simu. Wiki ya kwanza tu alinionyesha maana za kweli."

"Na ukaendelea kuja?"

"Nilitaka kuacha. Halafu nikakuona unavyoyasoma kwa bidii, unapandisha sauti. Nikasema, mwache asome. Mimi nilikuwa nachezesha midomo tu."

 Kila shtaka Ibtihal alilotaka kumtolea lilianza na lile alilolifanya mwenyewe. Wakarudi Lamu kwenye basi moja, viti viwili vya pamoja walivyokatia tiketi wiki iliyotangulia.

Jina la Razan lilipotoka, mama yake, Bi Shifa, alikuja na sinia la mkate wa mofa na kuku wa nazi, na wanawake watano nyuma yake.

"Razan amenituma kwako hasa," alisema, akimbusu Ibtihal mkono. "Anasema bila wewe asingefika. Mungu akulipe kwa ulivyomtendea."

"Amin," wakaitikia wale wanawake.

Ibtihal akalipokea sinia kwa mikono miwili, akatabasamu kwa sababu wote walikuwa wakimtazama. Bi Rahima peke yake ndiye aliyeangalia chini.