Ndoo ya Majina

Mwinjilisti Eliakimu alikuwa mwoga, na kijiji kizima kilijua. Aliogopa mbwa, aliogopa radi, alimwogopa mwenyekiti Henry, na wenye maneno yao walisema hata mkewe Debora akikohoa tu, yeye huomba radhi. Lakini kijiji kilipoamua kupiga kura za siri kumtaja mchawi aliyefunga mvua, wote walimtaka yeye azisome.

"Huyu anamwogopa Mungu," walisema. "Hawezi kuchakachua."

Ilikuwa mwishoni mwa Januari. Uwele ulikuwa umepandwa mara tatu, ukanyauka mara tatu. Kila asubuhi ng'ombe waliinuliwa kwa mikono, na wengine hawakusimama tena. Katika kijiji cha jirani walikwisha kupiga kura kama hizo kabla ya Krismasi, na mzee aliyetajwa huko alikutwa ndani ya nyumba yake iliyoteketea. Kila mtu alilijua hilo, na hakuna aliyelisema.

Walikusanyika katika darasa la shule ya kijiji saa sita mchana. Kila mmoja alitumbukiza karatasi yake kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko. Mbele kabisa, sakafuni, alikaa Bibi Mgeni, mjane wa Kiislamu asiye na mtoto, macho mekundu kwa moshi wa mafiga ya miaka mingi. Kosa lake lilikuwa moja: manyunyu ya Desemba yalinyesha upande wa shamba lake tu.

Eliakimu akafungua karatasi ya kwanza, akaisoma kimoyomoyo. Mgeni. Ya pili, Mgeni. Ya tatu, Mgeni. Miandiko aliijua, maana wengi aliwafundisha mwenyewe darasa la kipaimara. Ya nne ilikuwa na herufi g yenye mkia mrefu uliopinda. Moyo ukamwuma, kwa sababu hivyo ndivyo Debora alivyoandika.

"Soma, mwinjilisti," Henry alisema.

Eliakimu akawatazama vijana wenye fimbo mlangoni. Akamtazama Bibi Mgeni, aliyekuwa akifunga na kufungua ncha ya kanga yake. Kisha akazirudisha karatasi ndooni, akabana mfuniko, akaikalia ndoo.

"Sisomi."

Darasa likalipuka. "Kumbe naye ni mchawi mwenzao!" mtu alipiga kelele.

"Wewe Eliakimu," Henry alisema, na mshangao wake ulikuwa wa kweli, "leo hutuogopi?"

"Nawaogopa, Mwenyekiti. Tangu asubuhi chakula hakipiti. Lakini nikilitamka jina hili leo, iko siku Mungu ataniuliza huyu bibi yuko wapi. Siku hiyo nitamjibu nini?"

Hakuna aliyemgusa. Walitawanyika wakimtukana. Jumapili iliyofuata walikuja kanisani watu sita, na nyumbani Debora alimtengea ugali bila kumkaribisha. Eliakimu hakumwambia kwamba aliuona mwandiko wake. Ingekuwa vizuri kusema mvua ilinyesha. Haikunyesha.

Baada ya wiki wakaitwa tena. Ndoo ilikuwa ile ile, ila kura zilipigwa upya, na msomaji alikuwa mwingine: Nikodemo, muuza mbegu. Eliakimu akakaa sakafuni kando ya Bibi Mgeni, jasho likimtiririka.

"Shikamoo, Bibi," alinong'ona.

"Marahaba, mwanangu. Bora usingekuja."

Nikodemo akafungua karatasi ya kwanza, akasoma kwa sauti. "Eliakimu." Akafungua nyingine. "Eliakimu." Ya tatu ikawa vilevile. Vijana wenye fimbo wakaanza kusogea kutoka mlangoni.

Ndipo Debora akainuka kutoka upande wa wanawake. Akamnyang'anya Nikodemo mfuniko, akaubana juu ya ndoo kwa viganja vyote viwili, akaikalia.

"Wiki iliyopita mimi pia nilimwandika Bibi," alisema. "Tangu siku ile sina usingizi. Ninyi nawaogopa, ila Mungu namwogopa zaidi."

"Inuka, mama," Henry alisema.

Vijana walikuwa wameshafika mbele. Debora akashika ukingo wa ndoo, akafumba macho, wala hakuinuka.