Matundu ya Vifungo

Maikrowevu yangu ilikata roho ikiwa na miaka ishirini na minne. Fundi aliyeifungua alisema vipuri vyake havipatikani tena, na kwamba hizi za leo zikifika miaka minane ushukuru Mungu. Nikamwambia hata vipuri vyangu mimi havipatikani, na bado natembea.

Binti yangu alininunulia mpya. Ile ya zamani ilikuwa na swichi ya kuzungusha, niliisoma kwa vidole. Hii uso wake wote ni kioo laini, na macho yangu siku hizi yanaona vivuli tu. Nilibonyeza ikalia, nikabonyeza tena ikazima. Supu ikabaki baridi, binti yangu akiwa pale pale ananitazama.

"Mama, kama huwezi kujipashia chakula, utahamia kwangu," alisema. "Jumamosi nakuja kukuchukua."

Najua ananipenda. Lakini nilikasirika, maana nyumba hii nimeijenga kwa cherehani yangu.

Nimeshona miaka arobaini, na tundu la kifungo nalishona hata nikifumba macho. Nilimwita jirani, akakiweka kidole changu juu ya alama ya dakika, kisha ya kuwasha, kisha ya kuzima. Nikapima kwa shubiri, nikakata kitambaa kigumu cha kola, nikashona matundu matatu yenye kingo nene ili nikibandike juu ya kile kioo. Kumbe nilikuwa nimekigeuza kitambaa, kushoto kukawa kulia, kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Basi mimi si mshindani. Nilifumua nikaanza upya.

Jumamosi binti yangu aliingia na masanduku mawili matupu. Nikamwambia akae mezani, nikatia bakuli la supu ndani ya maikrowevu. Kidole changu kikaingia tundu la kwanza, nikabonyeza mara mbili, kikahamia la pili, mashine ikaanza kunguruma. Nilimwekea bakuli mbele yake. Alikunywa kijiko kimoja, akaungua ulimi, wala sikumwonea huruma.

Aliweka kijiko chini. Kisha akampigia simu mumewe.

"Usije na gari," alimwambia. "Mama hahami."

Nikamwambia aongeze kwamba kesho nitakwenda kwao kula, ila nipokelewe kama mgeni.