Koti la Mshereheshaji

Jumatatu asubuhi mke wa mshereheshaji alikuwa akilipiga pasi koti la njano la mumewe, lile la vifungo vya kung'aa, koti likamwambia apunguze moto kidogo. Akapunguza. Sauti ilikuwa ya mumewe, ile nzito ya ukumbini, ya kuvutavuta maneno. Mume mwenyewe alikuwa amekaa kwenye stuli na kikombe cha chai, midomo inacheza, halitoki neno. Sauti ilikuwa imebaki kotini tangu harusi ya Jumamosi.

"Dada yangu naye yake iko kwenye wigi," jirani alimwambia kupitia dirishani. "Akilivua, bubu. Utazoea, shoga."

Hakuzoea. Akimuuliza mumewe kama mboga imekolea chumvi, koti lilijibu kutoka ukutani, "Mabibi na mabwana, chumvi imeingia ukumbini!" Mara ya kwanza alicheka. Baadaye hakujua acheke au alie, wala amtazame nani anapojibiwa.

Alhamisi baba wa mshereheshaji akafariki. Mama mkwe alikuja mwenyewe, akamshika mwanawe mkono.

"Koti liache, mwanangu. Baba'ko alikuwa akikuita redio yangu mbovu, kwa hicho kigugumizi chako. Muage kwa sauti aliyoijua."

Mshereheshaji akaitikia kwa kichwa. Makaburini alifika na shati jeupe, mama yake kamshika mkono vilevile, akasimama mbele ya watu na kufungua mdomo. Kimya. Waombolezaji wakatazamana.

"Washeni kipaza sauti," mmoja akanong'ona. Kilikuwa kimewashwa.

Mjomba, mtu asiyeweza kuvumilia aibu ya ukoo, akaenda nyumbani mbio akarudi na koti kwenye henga. Akalining'iniza kwenye kipaza sauti.

"Wafiwa watukufu!" koti likanguruma. "Mzee wetu anaondoka kwa kishindo! Makofi yako wapi?"

Makofi yakalia. Simu zikainuliwa juu. Bwana mmoja wa nyuma alisema tangu azaliwe hajaona mazishi yaliyofana namna hii, na kwa kweli yalifana, mtu hawezi kubisha.

Mshereheshaji alikuwa bado ukingoni mwa kaburi, machozi yakimtoka. Midomo yake ilianza neno, ikakwama, ikaanza upya, ikakwama palepale. Mama yake akaikazia macho.

"Anasema nini?" akamuuliza mkwewe.

"Sijui, mama."

"Wewe si ndiye mkewe?"

"Ndimi. Lakini sijui."

Koti likasema upande wa kushoto umepoa, ama hawakumpenda marehemu?

Mama mkwe akatazama kulia, akatazama kushoto. Kushoto walikuwa wao watatu. Watu wote walikuwa wamewageukia, wanangoja. Akauachia mkono wa mwanawe, maana kwa mkono mmoja mtu hawezi kupiga makofi.