Mpishi wa Barabara ya Umakondeni

"Usiendeshe kama umebeba korosho," Anjelina alisema, akigonga bati nyuma ya kichwa cha dereva.

"Kwani nimebeba nini, Mama Regina?" Halfani aliuliza kupitia dirishani.

"Mayai."

Lori la kokoto likapunguza mwendo, likaanza kuteremka ukingo wa Umakondeni, gurudumu moja likitafuta nafasi kabla ya jingine. Nyuma, juu ya nyasi kavu na mikeka miwili, Regina alilala ubavu, kichwa chake pajani pa mama yake. Uchungu ulikuwa umemwanza tangu asubuhi. Mumewe, mwalimu Basil, alikaa miguuni pake, mkono mmoja umeshika ubao wa lori, mwingine umeshika kifundo cha mguu wa mkewe, kana kwamba mmoja wao angeweza kuanguka. Walikuwa wanakwenda hospitali ya Ndanda. Kati yao na Ndanda kulikuwa na njia yote ambayo Anjelina alikuwa ameipikia kwa mwezi mzima.

Alikaa akitazama walikotoka. Kila kona iliyopita ilikuwa na alama ya mafiga yake: mawe matatu meusi, majivu, na kichaka kilichoungua kidogo siku upepo ulipogeuka.

Mwezi ule ulianza chini, upande wa Masasi, mwanzoni mwa Novemba, mwaka wa 1956. Anjelina alifika kwenye kambi ya genge la barabara na sufuria yake kubwa kichwani. Alimkuta mnyapara, Cuthbert, kijana wa misheni aliyevaa kaptula iliyopigwa pasi, akipanga majembe.

"Nasikia mnataka mpishi."

"Shikamoo, Mama. Tunaye mpishi. Mwanamume."

"Marahaba. Yuko wapi?"

Cuthbert aliyatazama majembe. "Alikwenda ngomani Jumamosi."

"Leo Alhamisi. Nionyeshe unga ulipo."

Hakumwambia kilichomleta. Alikuwa na shamba lake, na mvua zilikuwa karibu. Mwanamke mwenye akili hawezi kuacha shamba Novemba kwenda kuwasongea ugali wanaume wasiomhusu. Lakini Regina alikuwa Makote, huko juu, kwa mume wake, na mimba ya pili. Mimba ya kwanza ilikuwa imewapa somo. Mwaka uliotangulia walimteremsha kwa gari la mfanyabiashara wakati wa mvua, na gari likakwama kwenye korongo, chini ya kona ya kwanza ya kupanda. Walisukuma tangu adhuhuri mpaka jua likatua. Mtoto alizaliwa garini. Hakulia.

Mvua zile zile ziliikata njia, na tangu siku hiyo hakuna gari lililopanda upande ule. Safari hii Regina alitokwa na damu mapema, akakatazwa kutembea. Kumbeba kwa machela hadi bondeni kulikuwa safari ya siku mbili, na hakuna aliyethubutu. Basi Anjelina aliposikia genge linapanda kutengeneza barabara kuelekea Makote, alifikiri hivi: mtu huchimba kwa tumbo. Yeye hakuweza kushika sururu. Tumbo aliliweza.

Genge lilikuwa na desturi ya kurudi kambini kula mchana, kisha kujinyoosha, kisha kutafuta kofia zilizopotea. Anjelina aliikomesha desturi hiyo siku ya pili. Uji ulikuwa tayari kabla hakujapambazuka, na mchana aliwapelekea ugali pale pale walipochimba.

"Mama huyu anatufuata na chakula kama vifaranga," mmoja wao alinung'unika.

"Kifaranga hawezi kuinua jiwe hilo. Kula."

Wakacheka, wakala, wakainuka. Barabara ikaanza kusogea.

Walipofika kwenye korongo, Anjelina aliweka sufuria chini akasimama ukingoni. Wanaume walikuwa wameshalijaza mawe na kuyashindilia udongo. Cuthbert alikuwa anakunja kamba yake ya kupimia.

"Ongeza mawe," Anjelina alisema.

"Yanatosha, Mama Regina. Nimepima."

"Ongeza. Leo kuna samaki."

Cuthbert alimtazama usoni, akaona kitu ambacho hakukiuliza. Akawaambia wanaume waongeze safu nyingine. Jioni walipokuwa wakila, alikuja akakaa karibu na mafiga. Hapo ndipo Anjelina alimweleza, kwa maneno machache, huku akikwangua ukoko. Cuthbert hakusema pole. Kesho yake aliwaamsha watu yeye mwenyewe.

Kosa lilitokea juu, karibu na kijiji cha Chilangala.

Umakondeni hakuna visima. Udongo hunywa mvua yote, na maji hutokea chini kabisa, kwenye miguu ya mlima. Wanawake huteremka gizani kuyafuata, hupanda nayo jua likiwaka. Cuthbert alikuwa amepatana nao walete madebe kambini, na genge liwape chumvi na samaki wakavu. Anjelina alijua yote hayo. Kila mtu wa Masasi anajua. Lakini kujua ni kitu kimoja, na mkono una mazoea yake. Siku ile alichemsha mbaazi, akamwaga maji ya kwanza, yale machungu, kama alivyomwaga maisha yake yote. Akasuuza sufuria, akamwaga tena. Aliponyanyua uso, wanawake watano walikuwa wamesimama mbele yake na madebe kichwani, jasho likiwatiririka, wakitazama udongo uliolowa.

Wa mbele, mwanamke mrefu aitwaye Stamili, aliuliza taratibu, "Mama wa Masasi, ardhi yetu sasa imeshiba?"

Wakatua madebe, wakachukua chumvi yao, wakaenda. Asubuhi iliyofuata hakuja mtu.

Bila maji hakukuwa na uji, na bila uji genge lilikaa kivulini. Mawingu yalikuwa yameanza kulundikana upande wa mashariki. Cuthbert alitembea huku na huku.

"Nitakwenda kwa jumbe, mkuu wa kijiji. Awaamuru."

"Jumbe atakupa maji ya siku moja," Anjelina alisema. "Nipe debe."

"Utakwenda wapi?"

"Maji yanakopatikana. Nilimwaga mimi."

Alilala nyumbani kwa Stamili bila kualikwa; alipiga hodi, akasema amekuja ili alfajiri asipotee njia, akatandika kanga yake barazani. Stamili akamletea mkeka.

Njia ya kuteremka ilikuwa ngazi za mizizi na mawe. Wanawake walishuka kwa wepesi, wakiongea. Anjelina alishuka kwa makalio pale paliposhinda miguu.

"Mama wa Masasi," mmoja aliita kutoka chini, "kisima chenu kiko mlangoni, eti?"

"Nyuma ya jiko."

"Nyuma ya jiko, jamani. Mnaamkaje asubuhi, bila kazi?"

"Tunagombana na waume."

Kicheko kilipanda mlimani. Chini, waliketi kwenye foleni, kila mmoja akingoja maji yajikusanye ndani ya shimo, ayachote kwa kifuu. Zamu ya Anjelina ilipofika, alichota polepole kama wengine, akakwangua mpaka kifuu kikagusa mchanga. Walipoanza kupanda, maji yalimrukia usoni kila hatua. Hakuomba kupumzika, maana hakuna aliyempa nafasi ya kuomba. Katikati ya mlima, Stamili alisimama, akavunja tawi lenye majani mapana, akaliweka juu ya maji kwenye debe la Anjelina. Maji yakatulia.

"Kwenu hamfanyi hivi?"

"Kwetu njia ni tambarare." Akavuta pumzi. "Dada, nilikosea. Maji ya mbaazi sisi humwaga tu."

"Sisi huwapa mbuzi. Yakipoa." Stamili alirekebisha ngata yake. "Lakini wewe una haraka gani na barabara hii? Mwanamke mzima, unawakimbiza wanaume wa serikali kama mbuzi wako. Sisi tunajua ni ya gari la Bwana Diisii, yule mkuu wa wilaya, aje kudai kodi bila kuchoka miguu."

Anjelina akamwambia. Ilibidi aseme kwa vipande, kipande kwa kila ngazi.

"Regina?" Stamili alisimama ghafla. "Regina wa mwalimu Basil, pale Makote? Aliyewafundisha mabinti zetu kushona?"

"Huyo."

"Na ukanyamaza. Umelala barazani kwangu, ukanyamaza." Alitikisa kichwa kwa uangalifu, debe likiwa juu yake. "Watu wa Masasi mna shida."

Tangu siku hiyo maji yalifika kabla ya jua, na wanaume wa Chilangala walikuja na majembe yao, wengine kwa chumvi, wengine kwa sababu wake zao waliwaambia. Barabara ilikatiza mikorosho, ikasogea. Haikufika Makote. Leo asubuhi kilikuwa kimebaki kipande kirefu bado, pale Anjelina aliposikia sauti za watu kabla hajawaona. Machela ilitokea kwenye vichaka: Basil mbele amebeba mti begani, wanaume watatu wengine wakimfuata, na Stamili pembeni akiwaamrisha wote.

"Mwendo ni huo huo. Ukichoka, sema. Usitikise."

Lori la Halfani lilikuwa limetoka kumwaga mzigo. Cuthbert alikuja mbio, akaiona machela, akaliona lori, na uso wake ukawa wa mtu aliyepewa mzigo na pande zote mbili.

"Mama Regina, gari hili haliruhusiwi kubeba watu. Ni la kokoto."

"Basi andika kokoto."

Cuthbert alivua kofia, akaivaa tena. Kisha akapanda lorini, akaanza kufagia mawe kwa mikono yake mwenyewe.

"Leteni nyasi," alisema. "Nyingi."

Sasa lori lilikuwa limeipita kona ya mwisho ya kuteremka. Regina alikunja uso, akaubana mkono wa mama yake mpaka mifupa ikalia, akaachia.

"Tumefika wapi?"

"Karibu na korongo."

Regina hakuuliza korongo lipi. Basil aliinamisha kichwa. Halfani naye alijua, maana aliliacha lori litambae. Anjelina alisikia magurudumu ya mbele yakipanda juu ya mawe, kisha ya nyuma. Ubao ulilia. Lori liliinama kidogo upande wa kushoto, na yeye akakihesabu kila chakula alichopika pale, ugali, samaki, ukoko. Likanyooka. Likapita.

Basil alijifuta uso kwa kiwiko. Nyuma yao, juu, mvua ilikuwa imeanza kuteremka Umakondeni, nyeupe kama unga unaopepetwa, lakini huku chini vumbi bado lilikuwa vumbi.

Kwenye njia panda ya barabara kuu, mzee mmoja alisimama na baiskeli iliyofungwa matenga mawili ya kuku. Alimwashiria Halfani asimame.

"Shikamoo, Baba. Tuna mgonjwa."

"Marahaba. Sikucheleweshi. Nina binti kule juu, Newala, sijamwona tangu mvua za mwaka jana. Huko juu kunapitika?"

Halfani aligeuka kumtazama Anjelina, kana kwamba jibu lilikuwa lake.

"Kunapitika," Anjelina alisema. "Ila kwenye korongo shuka, usukume."

Mzee alishukuru, akakaza kamba za matenga. Lori lilikata kona kuelekea Ndanda, na Regina akaushika tena mkono wa mama yake. Anjelina aliendelea kutazama nyuma mpaka baiskeli ikawa ndogo, ikiyumba kidogo kwa uzito wa kuku, ikianza kupanda.