Arobaini na Tisa

Dada alipata arobaini na tisa, na aliyempa ni mdogo wake wa tumbo moja. Alama ya kufaulu ilikuwa hamsini. Sasa wewe niambie kama hapo kuna mtu angepata usingizi.

Dada alikuwa afisa mikopo benki, mwanamke wa miaka arobaini kasoro, na alitaka kusoma uzamili wa hisabati za fedha: ile elimu ya watu wanaokadiria kwa hesabu nzito benki itapoteza kiasi gani mambo yakiharibika. Shahada yake ya kwanza ilikuwa ya biashara, kwa hiyo chuo kilimwambia arudi kwanza akasome masomo matatu ya hisabati pamoja na wanafunzi wa mwaka wa pili. Kazini walimcheka. Bosi wake alimuuliza kama ameishiwa na mambo ya kufanya. Dada akamjibu kwamba hajaishiwa, ndiyo kwanza ameanza. Akapiga moyo konde, kila jioni anatoka benki na viatu vyake vya kisigino, anakwenda kukaa dawati la mbele kati ya watoto wanaomwamkia shikamoo. Kalkulasi akafaulu. Aljebra akafaulu. Likabaki somo la uwezekano, na mwalimu wake wa pekee chuoni alikuwa Kitinda, kitindamimba wa mama yao, yule yule ambaye Dada alimbeba mgongoni na kumfundisha kuhesabu kwa vifuniko vya soda.

Maombi ya uzamili yalikuwa yanafungwa Ijumaa. Asiye na masomo yote matatu, angoje mwakani.

Mama yao hakuwa mtu wa kungoja. Jumapili aliwaita wote wawili sebuleni, akazima televisheni, jambo ambalo hulifanya kwenye msiba tu.

"Alama moja," Mama alisema. "Ningeomba kumi, ungekuwa na haki ya kunikatalia. Moja, Kitinda. Huyu ndiye aliyekufuta makamasi."

"Mama, mtihani ni mtihani."

"Fadhila ya punda ni mashuzi. Nilikuwa naisikia kwa bibi yenu, leo nimeiona kwa macho."

Kitinda alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Nikipitia upya," alisema kwa sauti ya chini, "labda ipo mahali. Kesho naweza kupeleka marekebisho."

Wiki nzima Dada alikuwa na hasira na huyu mtoto, hasira ya kweli, ya kutopokea simu zake. Na ile alama aliitaka, asikudanganye mtu. Aliitaka mpaka akajionea aibu.

"Na wewe," Mama akamgeukia, "ulikosea wapi hasa?"

"Swali la nne. Maduka mawili yamekopa benki. Tumepewa uwezekano wa kila moja kushindwa kulipa, tukaulizwa uwezekano wa yote mawili kushindwa kwa pamoja. Nikazidisha."

"Si ndivyo inavyofanywa?"

"Yangekuwa hayahusiani, sawa. Lakini haya yako mtaa mmoja, wateja wao ni wafanyakazi wa kiwanda kimoja. Kiwanda kikifungwa, yote yanaanguka pamoja. Ukizidisha unapata hatari ndogo, unajilalia, kumbe moto uko uvunguni. Mama, wakopaji wa namna hiyo ninakaa nao kila siku. Nilijua, halafu nikaandika kanuni niliyoikariri. Swali zima lile ni sifuri."

Alipolisema neno hilo, akalisikia mwenyewe. Akamtazama mdogo wake.

"Pale uliniandikia mbili. Za nini?"

"Kuzidisha kwenyewe kulikuwa sahihi."

"Na wenzangu waliozidisha, uliwapa?"

Kitinda aliangalia zulia. "Hapana."

Jamani. Mtu anasemwa hana huruma, kumbe huruma alishaitoa, ikamwishia njiani. Alimbeba dada yake mpaka arobaini na tisa, hapo dhamiri ikamshika shati.

"Basi nina arobaini na saba," Dada alisema.

"Dada, nikizifuta, Ijumaa..."

"Ijumaa imeshaniponyoka. Kesho tunakwenda wote kwa mkuu wa idara, umwambie ulichofanya. Nitakaa kando yako."

"Mmelogwa nyie?" Mama aliuliza. "Watamfukuza kazi mwenzio."

"Watamkaripia, Mama. Na mimi benki watanicheka mwaka mzima. Wacheke, meno ni yao."

Kitinda macho yalikuwa yameanza kulowa. "Kwa nini unajifanyia hivi?"

"Kwa sababu mwakani nitafaulu, na watasema nimebebwa. Midomo ya watu siiwezi. Lakini wewe, Kitinda, sitaki ubaki na shaka."

Kitinda alijifuta macho. "Ninayo tayari," alisema. "Niliposoma karatasi yako niliogopa somo hili huliwezi."

Mama alishika kichwa.

"Najua," Dada alisema. "Zile mbili ndizo zilizoniambia."

Iliuma, tena sana, na hakuficha. Alifuta uso kwa kiganja, akavuta kiti mpaka mezani, akamwambia mdogo wake amtungie swali jingine, gumu kuliko lile.