Maswali ya Bi Kwanini

Nilikua nikimwonea wivu mtoto ambaye sikuwahi kumtia machoni. Baba alimwita Bi Kwanini. Siku niliyoleta nyumbani alama tisini na tano za hesabu, baba alinishika kichwa, akacheka, akasema nimerithi pazuri, halafu akaharibu kila kitu kwa sentensi moja: "Bi Kwanini sasa angeuliza, hizo tano zimekwenda wapi?" Ningemkamata mtoto huyo siku ile ningemfinya mpaka asahau hata kujumlisha.

Kabla sijaanza shule, baba alikuwa akifundisha hesabu redioni. Kilikuwa kipindi cha darasa la sita, kila asubuhi ya siku ya shule, na redio za shule zote zilitakiwa ziwe zimewashwa. Baba aliuliza swali, akanyamaza kidogo kama mtu anayetazama mikono iliyonyooshwa, halafu akasema, "Naam, vizuri sana, kaa chini." Majirani walimpachika jina la Mwalimu wa Hewani. Wenye midomo yao waliongeza kwamba hata mshahara wake ulikuwa hewani.

Mama naye alikuwa mwalimu wa darasa hilohilo la sita, katika shule ya msingi isiyo mbali na nyumbani. Basi jioni baba alimsubiri kama mgonjwa anayesubiri majibu ya vipimo. "Enhe, watoto wamesemaje leo?" Mama alivua viatu, akakaa, akamweleza wapi wameelewa na wapi wamechanganyikiwa, na mwisho akamweleza Bi Kwanini ameuliza nini. Huyo, kwa maelezo ya mama, alikuwa msichana mwembamba wa dawati la nyuma, asiyekubali jambo mpaka aambiwe sababu. Kwa nini ukigawanya kwa sehemu lazima ile sehemu uigeuze kwanza? Kwa nini namba ukiizidisha kwa sifuri inakufa yote, haibaki hata punje? Baba alisahau kula. Kesho yake akawa hewani: "Rafiki yangu Bi Kwanini ameniuliza swali zito," na kipindi kizima kikawa cha huyo binti.

Miaka ikapita, kipindi kikafutwa. Mama alifariki nikiwa sekondari. Baba akastaafu kimyakimya, akabaki na suruali zake zenye mikunjo ya pasi na sauti nzuri isiyo na wa kumsikiliza zaidi yangu. Mtu mzima hata mmoja hakuwahi kumsimamisha barabarani akamwambia, mwalimu, mimi nilijifunza kwako. Jambo hilo lilimuuma, najua, ingawa hakulisema. Alichosema ni hiki: "Bi Kwanini atakuwa mhandisi sasa. Nikimwona mara moja tu, mwanangu, nitajua sikuwa nikisema na kuta."

Nilipokubaliwa kusoma shahada ya uzamili, niliandika mada bila kusitasita: redio ya shule na mwanafunzi aliyekuwa upande wa pili wa redio hiyo. Msimamizi wangu, mama mmoja mkali asiyependa maneno mengi, alinitazama juu ya miwani. "Na huyo mtangazaji ni baba yako?"

"Ndiyo, profesa."

"Basi andika kama vile si baba yako. Ukishindwa, badilisha mada leo, usinisumbue mwakani."

Nikamwambia nitaweza. Baba alifurahi utadhani aliyedahiliwa ni yeye. Alijipa kazi ya kunisahihishia lugha, akanunua kalamu nyekundu, na kila jioni aliniuliza swali lilelile, "Umempata?" Nikamjibu bado. "Mtafute kwenye vyuo vya uhandisi," alinishauri, kama mtu aliyepoteza mwavuli na anajua alikouacha.

Nilianzia maktaba ya sauti ya kituo cha redio, chumba cha chini chenye harufu ya vumbi na mashine moja ya kuchezea kanda iliyokuwa ikikohoa kuliko mlinzi wake. Nilivaa vipokea sauti nikamsikiliza baba akiwa kijana. Alikuwa hodari, lazima niseme. Alikuwa na subira ambayo mimi binti yake sikuifahamu. Kanda moja niliirudia mpaka mlinzi akaniuliza kama ni wimbo. Baba anasema humo: "Bi Kwanini ana swali tofauti leo. Anasema mama yake aliacha masomo mapema, sasa ana mume na mtoto, je, anaweza kurudi chuoni? Bi Kwanini, mwambie mama anaweza, tena sana. Mwambie asimsikilize yeyote atakayemkatisha tamaa." Nilijisikia fahari mpaka machozi yakanilenga. Nilinukuu maneno hayo yote, neno kwa neno.

Halafu nikaanza kuzunguka kwa walimu wastaafu, na mambo yakaanza kuharibika. Wa kwanza alisema hakumbuki kipindi chenyewe. Wa pili akasema redio ya shule ilifungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu isije ikaibwa, ikatoka siku za mpira tu. Lakini wengi walinipa maelezo mamoja. Kipindi kilipoingia mwaka wake wa pili, ofisi ya elimu ilibadilisha ratiba za shule, na mapumziko ya asubuhi yakaangukia saa ileile ya baba. Ofisi ilidhani redio imeambiwa. Redio ilidhani ofisi ikiwa na neno italisema. Kwa hiyo baba alipokuwa akisema "kaa chini", darasa la sita nchi nzima lilikuwa uwanjani linafukuzana.

Nilishikilia tumaini moja, na tumaini hilo lilikuwa shule ya mama. Kama Bi Kwanini aliuliza maswali, basi kule angalau walisikiliza. Nikamtafuta shoga yake mama, aliyefundisha darasa la jirani. Nilimkuta sebuleni kwake akichambua mchele kwenye sinia. Aliniangalia, akasema nimechukua macho ya marehemu, akaniketisha. Nikaweka kinasa sauti mezani, nikauliza habari za mapumziko na redio, mwisho nikamuuliza kuhusu Bi Kwanini.

Akaacha mchele. "Kwani mama yako hakuwahi kuwaambia?"

"Kutuambia nini, mama mdogo?"

"Hebu zima hicho kidude kwanza."

Nikazima. Baadaye aliniruhusu niandike yote, mradi jina lake nisilitaje.

"Mwanangu, mtoto huyo hakuwepo," alisema. "Watoto walikuwa nje kama shule nyingine zote. Aliyekuwa anabaki darasani na redio ni mama yako, peke yake, na daftari lake. Sisi tunakunywa chai, yeye anakokotoa. Tulikuwa tunamtania, tunamwambia, wewe bibi, mume unalala naye na asubuhi bado unamfuata hewani? Anacheka tu."

"Alikuwa anamwonea huruma baba."

"Mwanzoni, ndiyo. Angeanzaje kumwambia mumewe kwamba hakuna anayemsikiliza? Akatunga watoto. Leo wameelewa, leo wamekosea. Lakini yale maswali, mwanangu, yale hakuyatunga. Yalikuwa yake. Mama yako alikuwa na kichwa cha hesabu sijapata kuona. Hakupata wa kumpeleka mbele tu."

Nikamuuliza swali ambalo hata wewe ungeuliza. Mume mwalimu wa hesabu yumo ndani, kwa nini asimuulize mwenyewe?

"Alimuuliza sana. Baba yako anamjibu, jamani, nimeshinda nikifundisha, nyumbani nako nifundishe? Au anamwambia, hayo yatakusaidia nini wewe? Siku moja akajaribu kusema ni swali la mtoto darasani. Baba yako akaweka kijiko chini, akachukua karatasi, akaeleza mpaka chakula kikapoa. Mama yako akaona, kumbe njia ndiyo hii."

Nikamtajia ile kanda ya kurudi chuoni. Shoga yake mama akafumba macho.

"Siku ile mapumziko yalipoisha tu alinikimbilia darasani kwangu, ananikumbatia mbele ya watoto. Amesema ninaweza! Ulisikia? Amesema ninaweza! Akaenda mchana huohuo kuulizia nafasi chuoni. Kesho yake akaja kazini kimya. Nikambana. Akaniambia, nimemweleza kwamba nataka kusoma, akasema nyumba hii msomi mmoja anatosha." Akavuta sinia lake. "Hakulizungumza tena. Lakini maswali aliendelea kuyapeleka, mpaka kipindi kikafa."

Nililia pale sebuleni kwa watu bila aibu. Nilimlilia mama, na nilijililia mimi, kwa sababu utoto wangu wote nilimchukia Bi Kwanini, kumbe ndiye aliyekuwa akinisuka nywele.

Nilimweleza msimamizi, nikitumaini atasema hilo ni jambo la kifamilia, liache. Akasema kwa upole ambao sikumzoea nao, "Pole sana. Lakini mtangazaji aliyeandaa masomo ya nchi nzima kwa kufuata maswali ya msikilizaji mmoja, hiyo ndiyo tasnifu yako. Ukiitoa, unabaki na ratiba za mapumziko."

Nikaandika sura ya nne. Mama nikamwita Mwalimu Z, baba nikamwita mtangazaji, shule nikaiita shule ya mjini. Maadili ya utafiti yanataka hivyo, na mara ya kwanza maishani niliyashukuru. Baba nilimpa sura ya kwanza, ya pili na ya tatu. Alizirudisha zikiwa nyekundu kama ukambi. Kisha nikampa ya tano.

Alikuja jikoni nayo mkononi. "Mimi nimefundisha hesabu miaka yangu yote," alisema. "Baada ya tatu haiji tano."

"Ya nne bado haijakaa vizuri, baba."

"Ndiyo maana mimi nipo. Ilete."

"Baba, naomba hii tuiache."

Aliniangalia, na uso wake ukachangamka ghafla. "Umempata! Umempata, unataka kunishtukiza. Ndiyo sura yake, siyo? Lete hapa, usinichezee mimi mzee."

Ningeweza kusema uongo. Mama angeusema, tena uongo mtamu wenye jina na dawati lake. Mimi nilishindwa. Labda pia sikutaka, maana hasira nilikuwa nayo, na sikujua niipeleke kwa nani kati ya wawili wale. Nikaenda chumbani, nikaileta.

Alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mchana kweupe, akaanza. Kwanza alisahihisha. Nilisikia kalamu ikikwaruza, nikamsikia akinung'unika, "Koma iko wapi hapa?" Alipofika kwenye ratiba ya mapumziko akaacha kunung'unika. Alisoma ukurasa huo, akarudi nyuma, akausoma tena. Halafu kalamu haikusikika kabisa. Mimi nilisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Mwalimu Z ni nani?"

"Baba, siruhusiwi kutaja."

"Anayekuuliza ni mimi, si chuo."

Nikainamia kile kitambaa cha vyombo. Alivua miwani akaipangusa kwa shati, akaivaa tena, kana kwamba tatizo lilikuwa vioo.

"Kwa hiyo binti yule hayupo."

"Hayupo, baba."

"Nilimuombea." Sauti ile nzuri ilikuwa ikikwaruza. "Kila mara nikisikia daraja jipya limejengwa mahali, nasema moyoni, huenda ni yeye. Unajua hilo? Nilikuwa naomba awe mzima." Akaziweka karatasi magotini. "Na mama yako ananiangalia tu ninavyojidanganya. Alinionea huruma. Miaka yote ile mke wangu alikuwa ananionea huruma, na sasa siwezi hata kumkasirikia."

"Haikuwa huruma tu. Endelea kusoma. Alitaka kujua. Yale maswali yalikuwa yake, baba. Alikuwa anakaa darasani peke yake anakusikiliza, kwa sababu huko ulikuwa unamjibu."

"Huko wapi? Mimi si nilikuwa hapa?" Alipiga mkono wa kiti. "Nilikuwa hapahapa, meza hii, kiti hiki! Mwanamke wa kutunga mtoto mzima, kumpa jina na dawati, wakati mumewe yuko mbele yake! Angeniuliza tu. Si angeniuliza mwenyewe?"

"Alikuuliza, baba."

Mkono wake ulibaki juu ya kiti. Alinitazama kwa muda mrefu, na nikaona anatafuta, anapekua jioni zote zile, uso wote ukiwa umekunjamana kwa kujitahidi, na hapati kitu. Hakuwa akijifanya. Hakukumbuka.

"Nilimjibu nini?" aliuliza.

Nilimfunulia ukurasa unaofuata, nikamwonyesha mstari kwa kidole, nikatoka nje ili nisimwone akiusoma.