Saba kwa Mbili

Spana ilimkosa Waya sikio, ikapita, ikavunja kioo cha chumba cha kompyuta. Ilikuwa asubuhi, watu hata chai hawajanywa, na tayari ndugu wawili wa tumbo moja walikuwa wameshikana mashati. Nyundo, yule mkubwa, aliirusha kwa nia ya kuua, na asije mtu hapa akanambia alitaka kutisha tu. Mtu anayetaka kutisha hachagui spana nzito kuliko zote ubaoni.

Na chanzo ni nini? Si mwanamke, si shamba. Ni kompyuta moja ya mezani, imejaa vumbi la chuma hadi kwenye matundu ya kupumulia. Hiyo ndiyo iliyowafanya watoto wa mama mmoja watafutane roho.

Karakana waliachiwa na baba yao. Nyundo alisimamia mashine kongwe ya kukunja mabati, na programu ya kuiendesha iliandikwa na dada yao wa katikati miaka ile ametoka chuoni, kwa toleo la zamani la lugha ya programu. Waya, kitinda mimba, alileta mashine mpya ya kukata, na programu ya hiyo haielewi chochote ila toleo jipya. Lugha ni ile ile, jina ni lile lile, lakini matoleo hayo mawili hayapikiki chungu kimoja. Nyundo akikaa kwenye kiti anaiweka kompyuta kwenye toleo la zamani. Waya akija anakuta mashine yake imegoma, anaweka jipya. Nyundo akirudi anakuta yake imenuna. Hapo hakuna salamu tena, ni ngumi.

Walipigana kwa mikono, wakapigana kwa vipande vya nondo, siku moja Waya akamwagia kaka yake maji ya betri miguuni. Majirani walishazoea. Mafundi wa karakana ya pili wakisikia kelele waliongeza sauti ya redio na kuendelea na kazi zao.

Dada yao, ambaye hata mama yake mzazi alimwita Fundi, alijitupa katikati siku ile ya spana. Alichoambulia ni kiwiko cha mdomo. Alikwenda kwenye beseni, akatema damu, akasukutua, kisha akarudi akakaa mbele ya skrini huku mdomo umemvimba. Wale wawili walisimama nyuma yake wanahema.

"Sikilizeni, maana sitarudia," alisema. "Toleo la zamani lipo na jipya lipo, yote humu humu, hakuna haja ya kufukuzana. Folda ya kukunja nimeiwekea faili dogo lenye mstari mmoja, unasema humu tunatumia la zamani. Folda ya kukata ina lake, linasema humu tunatumia jipya. Ukiingia kwenye folda yako kompyuta inasoma lile faili na inajua la kufanya. Isipolikuta, inafuata toleo la kompyuta nzima, ambalo ni la zamani. Hilo la kompyuta nzima asiliguse mtu."

"Likiguswa?" aliuliza Waya.

"Anayekunja mabati ni mume wangu."

Hilo walilielewa. Mume wake waliyemwita Mpole ndiye aliyeshinda mbele ya ile mashine kuanzia asubuhi hadi jioni. Kazi yake ilikuwa hivi: analaza bati, taya la juu linashuka hadi nusu ya safari, linasimama. Hapo Mpole anaingiza mikono yote miwili ndani, ananyoosha bati likae sawa, anaitoa, anakanyaga pedali, taya linamalizia. Mamia ya mara kwa siku anatia mikono mdomoni mwa chuma na kuitoa. Mashine ilikuwa na jicho la usalama la kuizuia isishuke mkono ukiwa ndani, ila Nyundo alilifunika kwa utepe zamani sana kwa madai kwamba linachelewesha kazi.

Kwa hiyo kilichobaki kumlinda Mpole ni ile nusu. Bati la hatua nane, yaani linalotaka taya lishuke hatua nane, nusu yake ni nne, taya linahesabu moja, mbili, tatu, nne, linasimama. Bati la hatua saba je? Toleo la zamani likigawa saba kwa mbili linajibu tatu na kile kilichobaki linakitupa. Taya linasimama kwenye tatu, mambo safi. Toleo jipya ni sahihi zaidi, linajibu tatu na nusu. Lakini taya halijui nusu, linahesabu hatua nzima nzima. Litapita tatu, litapita nne, linaitafuta tatu na nusu isiyokuja, na halitasimama hadi lifike chini. Na ubaya wake, mabati ya nane yatapita bila kosa lolote, mtu aone kila kitu kinakwenda.

Fundi alishamwomba kaka yake wasimamishe mashine aiandike upya ile programu. Nyundo alikataa. Wateja wanasubiri, alisema, na kitu kinachofanya kazi hakichokonolewi. Maneno ya dada yake yaliingilia sikio hili yakatokea lile.

Jioni ile Mpole alimkanda mkewe mdomo kwa kitambaa cha maji moto. "Mimi katika ukoo wenu ni mkwe," alimwambia. "Ngumi zenu sizijui. Nakunja bati langu, naondoka." Fundi alicheka, mdomo ukamuuma, akampiga kofi la begani.

Pakatulia. Watu wakaanza kusema labda wale wawili wamekua.

Siku yenyewe Fundi alimpeleka mama yake kliniki ya macho. Alirudi mchana haujafika, na tangu getini alisikia patashika nguo kuchanika. Hakushtuka. Alijisemea wameanza tena, akaweka mkoba wake begani vizuri, akaingia chumba cha kompyuta kwanza kuona wameharibu nini.

Kibodi ilikuwa sakafuni, imepasuka vipande viwili, ina damu na nywele. Nyundo alikuwa amempiga nayo mdogo wake kichwani. Kipanya kiling'olewa na waya wake. Skrini tu ndiyo iliyosalimika, na kwenye skrini dirisha la mashine ya kukunja lilikuwa wazi, linahesabu. Juu yake iliandikwa namba ya toleo. Lilikuwa jipya.

Fundi alisoma mara ya pili. Akaangalia folda ya kukunja: lile faili dogo halikuwamo. Alibonyeza kitufe cha kuzimia kompyuta, akakumbuka mkono ukiwa bado juu yake kwamba mashine ikishapewa amri ya bati linalofuata huimaliza hata kompyuta ikizima. Alitazama nje kupitia kioo kilichovunjika. Mpole alikuwa mbele ya mashine, mgongo kwa ndugu wanaouana, ametulia kama kawaida yake. Rundo la mabati ya nane lilikuwa limekwisha, limepangwa vizuri pembeni. Alikuwa ameinama kuchukua bati kutoka rundo la mabati ya hatua saba.

Alikimbia. Alipiga kelele jina lake lile la nyumbani ambalo hakuwahi kulitamka mbele ya watu, lakini msasa wa umeme ulikuwa unanguruma karibu na hakuna sauti ya binadamu inayoshindana na msasa. Kati yake na mumewe walikuwa wale wawili. Waya alikuwa chini, uso umefunikwa damu, anamng'ata kaka yake paja. Nyundo alimtwanga ngumi ya kisogo, akainua macho, akamwona dada yao anakuja mbio.

Alidhani anakuja kuamua ugomvi, kama siku zote. Akanyoosha mkono akamdaka kiunoni.

"Leo usiingilie," alisema. "Leo niache nimfunze adabu."

Fundi alimpiga kichwa cha pua. Alimkwaruza macho, alimng'ata mkono hadi akasikia ladha ya chumvi, na Nyundo aliendelea kumshika kwa sababu alikuwa na nguvu za ng'ombe na akili za ng'ombe. Juu ya bega la kaka yake Fundi aliona taya linashuka. Aliona mumewe anaingiza mikono lilipokaribia nusu, bila kungoja lisimame, kama alivyoiingiza maelfu ya mara. Aliona taya linapita pale lilipotakiwa kusimama, na akamwona Mpole analitazama. Mkono wa kushoto aliutoa. Wa kulia ulibaki.

Mlio wake ulikuwa mdogo kuliko watu wanavyofikiri. Mayowe ndiyo yaliyokuja baadaye.

Hospitali waliukata ule mkono juu ya kifundo, maana hapakuwa na cha kuunga. Alasiri walimruhusu Fundi kuingia wodini. Mpole alikuwa amelala, mkono umefungwa bandeji nene ukaning'inizwa, midomo imemkauka. Alipomwona mkewe alijaribu kutabasamu, na lile tabasamu ndilo lililomkata maini.

"Niliona inapitiliza," Mpole alisema. Dawa zilimfanya aburute maneno. "Muda wa kutoa nilikuwa nao. Wa kushoto si niliutoa?"

"Usiongee."

"Wa kulia nikauacha ulishike bati lisihame. Nikasema itasimama tu. Hii si kaiandika mke wangu?"

Fundi alikaa ukingoni mwa kitanda, akaukamata ule mkono wa kushoto, akaubana kwa nguvu hadi Mpole akamwambia anamuumiza. Alitaka kumweleza kwamba si yeye, kwamba alichokiandika kilikuwa sawa, na akaona aibu kwa kulitaka hilo. Mtu amepoteza mkono, wewe unatafuta kusafishwa.

"Dawa inaanza kuisha," Mpole alisema. "Nasikia inakuja. Usiende mbali."

"Niko hapa. Naleta maji tu."

Kwenye korido, ndugu zake walikuwa wanangoja. Waya alikuwa na nyuzi kichwani, Nyundo ana pamba puani. Na unadhani walikuwa wanafanya nini? Wanamwombea shemeji yao? Walikuwa wamebanana ukutani, wananong'ona kwa meno yaliyokazwa ili muuguzi asisikie.

"Wewe ndiye uliyebadilisha," alisema Nyundo.

"Programu yangu niliifungua nje ya folda yake, ikasema haioni toleo jipya. Nikaliweka kwa kompyuta nzima, niendelee na kazi. Si folda yako ilikuwa na faili lake? Ilipaswa isikuhusu."

"Lile faili nililifuta."

Waya alimtazama. "Ulilifuta?"

"Nilikuta kitu kwenye folda yangu nisichokijua. Nikajua ni wewe umenitegea. Nikalifuta, na mashine ikaendelea kukunja vizuri wiki nzima, kwa hiyo kosa si langu."

"Na leo asubuhi uliona nimebadilisha. Uliona kwenye skrini. Badala ya kwenda kuzima mashine ukaja kunipasua kichwa."

"Mabati yalikuwa yanapita. Mwenyewe uliniambia tazama, yanapita."

Ndipo wakamwona Fundi amesimama na jagi tupu mkononi. Kama wangenyamaza, labda. Kama mmoja wao angesema pole, neno fupi, herufi nne, labda angepita akaenda kuchota maji. Lakini Nyundo hakuumbiwa kunyamaza.

"Ila na wewe dada," alisema, "aliyeandika programu ni wewe."

Lile jagi lilikuwa la chuma. Alianza na Nyundo kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Alimpiga pale pale pamba ilipokuwa, damu ikaruka hadi kwenye tangazo la kunawa mikono, na alipoanguka akampiga tena, na tena, akilenga mikono. Alilenga vidole. Waya alikuja kumshika, akapigwa kwenye nyuzi, kidonda kikafunguka. Muuguzi alikimbia akiita walinzi. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni walipanda juu ya benchi. Fundi alipiga tu, kwa mkono uliotulia, mpaka jagi likabonyea likawa halishikiki.

Walinzi walimbeba hobelahobela, mmoja miguu, mmoja mabega, wakamtoa nje ya jengo na kumketisha chini kwenye saruji karibu na ukuta wa wodi. Mkubwa wao alisimama mlangoni na rungu.

"Polisi wanakuja," alimwambia. "Huingii humu tena leo."

"Mume wangu yuko ndani."

"Ungelifikiria hilo kabla."

Dirisha la wodi lilikuwa juu ya kichwa chake, lina nondo, na pazia limevutwa nusu. Kwanza alisikia kitanda kinalia, mtu anajigeuza. Kisha akamsikia Mpole anamwita kwa sauti ya kawaida, kama anavyomwita kutoka chumba cha pili nyumbani akitaka taulo. Akasubiri kidogo, akaita tena. Dawa ilikuwa imeisha.

"Niko hapa," Fundi alisema. Alijaribu kusimama, mlinzi wa pili akamkandamiza bega. "Niko hapa dirishani. Nisikie. Niko hapa."

Ndani Mpole alikuwa ameanza kupiga mayowe, na kwenye mayowe yale hakuna alichoweza kusikia.